Rangi za Nyumba Tuliyoiuza

Mume wangu alituambia kwamba tunauza nyumba siku moja mchana, tukiwa tumekaa mkekani tunakula. Hakuweka utangulizi wowote. Alinawa mikono, akamega tonge, akasema, "Mama, nyumba hii tunaiuza. Tunakwenda Maskati kwa kaka."

Mama mkwe hakuacha kula. Alitafuna taratibu mpaka akameza, akanywa maji, ndipo akauliza, "Nani atakayeinunua jinsi ilivyo?"

Mume wangu akazitazama kuta kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Nami nikazitazama. Sebule ile ilikuwa ya kijani kizito, kijani cha kisamvu kilichopikwa, na katikati ya ukuta ulipita mstari mwekundu kuzunguka chumba kizima. Juu karibu na boriti palikuwa na masizi ya taa za miaka na miaka. Chokaa ya ukumbini ilikwisha kuwa ya manjano. Chumba alichofia baba mkwe kilikuwa cha waridi iliyobabuka, na hapo kitanda kilipokuwa kikiegemea ukuta palibaki doa refu la mafuta ya nywele.

Nyumba yenyewe ilikuwa Gongoni, mjini Tabora, nyuma ya maduka. Aliijenga babu yake mume wangu enzi za misafara, kwa matofali mabichi, kuta nene hata mtu mzima aliweza kuketi dirishani. Katikati palikuwa na ua mpana, wapagazi walikokuwa wakishusha mizigo, na pembeni mwa ua palikuwa na ghala lisilo na dirisha, ambamo sisi tuliweka kuni na magunia matupu. Ilikuwa nyumba nzuri kwa mtu aliyezaliwa humo. Kwa mgeni, nilivyoitazama mchana ule, ilikuwa inatisha kidogo.

Mimi sikuzaliwa humo. Niliolewa pale nikitokea Isevya, mtaa mwingine wa mji ule ule. Baba yangu ni Mnyamwezi, fundi rangi, na kwa kuwa mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nilikulia chini ya ngazi ya baba, nikimshikia ndoo na kumkorogea chokaa. Baadhi ya ukoo wa mume wangu hawakuipenda ndoa yetu. Walitaka aoe binti wa Kiarabu mwenzao. Mama mkwe hakupinga, lakini pia hakushangilia. Alinipokea kwa adabu, akanifundisha kupika vyakula vya mwanawe, na zaidi ya hapo tulikuwa tukipishana ukumbini kama wapangaji wawili wenye heshima zao.

Mume wangu hakuwa mtu wa kutulia tangu hapo, ila mwaka ule alizidi. Duka lake lilikuwa limebaki rafu. Bidhaa za jumla zilipitia shirika la umma, na kilichofika kwake kilikuwa viberiti, chumvi na siku nyingine sabuni. Alikuwa akiketi nyuma ya meza akizungusha funguo kidoleni, kisha anainuka, anakwenda mlangoni, anatazama barabara, anarudi kuketi. Kila mtu mjini siku zile alikuwa kama anayesikiliza kitu. Wengine walikuwa na jamaa waliohamishiwa vijiji vipya, wengine walikuwa na nyumba za kupangisha zilizokwisha kuchukuliwa na serikali. Ukikuta watu wawili wamesimama wanaongea, ukikaribia wanaanza kuzungumzia mvua.

Mnunuzi wa kwanza tulimwonyesha nyumba kama ilivyo. Alikuwa mzee mfanyabiashara wa asali, rafiki wa marehemu baba mkwe. Aliingia sebuleni, akasimama katikati, macho yakichukua muda kuzoea. "Humu kuna giza," alisema. Mume wangu akafungua madirisha yote. Yule mzee akatazama tena. "Bado," akasema, kwa masikitiko kabisa, kama daktari. Akanywa kahawa yetu, akamsifu marehemu, akaenda zake. Hakurudi.

Jioni ile mume wangu akaniambia, "Wewe si binti wa fundi? Ipake."

"Nimwite baba?"

"Hapana. Akija baba yako na ngazi yake, Isevya nzima itajua tunaondoka. Fanya wewe."

Nilikubali. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sina mtoto bado, na mikono yangu ilikuwa haina kazi ya kutosha katika nyumba ile. Kusema kweli nilifurahi. Kabla ya yote nilitaka kujua nianze na rangi gani, kwa hiyo kesho yake nikaenda Isevya kumsalimu baba.

Nilimkuta kibarazani anafumua kamba kuukuu ya katani atengeneze brashi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza tu: nyumba ya zamani, yenye giza, ungeipaka nini?

"Nyumba ya nani?"

"Yetu."

Aliendelea kufumua katani. "Mnapaka mkae, au mnapaka muuze?"

"Kwani kuna tofauti, baba?"

"Ipo. Anayekaa hupaka anachokipenda. Anayeuza hupaka kitu ambacho hakuna atakayekichukia. Ni kazi mbili mbalimbali, mama."

Nikaokota nyuzi za katani zilizoanguka. Hakuuliza tena. Akanieleza kwamba rangi ya mafuta haipatikani, nisipoteze siku zangu kupanga foleni. Nitumie chokaa, niitie chumvi isichafue nguo za watu wanaoegemea, na ikiwa nataka weupe wake uwe wa baridi, si wa manjano, nitie bluu ya kufulia kidogo sana. "Kidogo sana," alirudia. "Ukizidisha, chumba kinakuwa kama cha hospitali." Akanipa brashi mbili. Nilipoinuka kuondoka akanisindikiza mpaka njiani, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Nilianza na vyumba vya ndani. Nilikwangua, nikafagia masizi, nikaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu. Chumba cha marehemu nilikipa weupe wenye bluu, nikakaa mlangoni nikitazama kinavyokauka. Kikawa kizuri asubuhi, lakini mchana jua lilipogeuka kikawa kama mtu mgonjwa. Nikakirudia. Nikatia udongo mwekundu uliochujwa, kikawa rangi ya ndani ya pera. Mume wangu alipokiona alisema ni chumba cha biharusi, hakuna mwanamume atakayekitaka. Nikakirudia tena kwa chokaa tupu yenye udongo wa manjano kidogo, rangi ya maziwa ya asubuhi. Hapo hakuna aliyesema kitu, nikakumbuka maneno ya baba, nikajua nimefika.

Sebule ilikuwa vita. Siku niliyoingia na ndoo, mama mkwe alikuwa ameketi humo humo na tasbihi yake.

"Mama, nimekuja kupaka."

"Paka."

"Itabidi ukae ukumbini. Chokaa itakurukia."

"Itanirukia nikiwa hapa hapa."

Nikapaka upande wa pili kwanza. Aliniangalia. Nilipofika kwenye mstari mwekundu akasema, bila kuinua sauti, "Rangi hii aliileta marehemu kwa treni. Nilikuwa mwari, ndiyo kwanza nimeolewa. Aliniuliza nataka rangi gani nikamwambia kijani. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho. Nyumbani kwetu rangi ilikuwa ya baba." Kisha akainuka, akachukua mkeka wake akaenda ukumbini, nami nikabaki na brashi inayodondoka. Nilipaka, lakini sikupaka vizuri siku ile.

Na kijani hakikukubali kufunikwa. Nilipaka mara ya kwanza, kikajitokeza kama ukungu. Mara ya pili, kikajitokeza mabaka mabaka, na ule mstari mwekundu ukawa waridi hafifu kuzunguka chumba, kama jeraha linalopona. Mume wangu alikuwa akiingia na kutoka. "Bado? Bado tu?" Kwake yeye, kila mtu aliyepita barabarani alikuwa mnunuzi anayetupita. Mwishowe nikapika uji mwembamba wa muhogo, nikaupaka ukutani kwanza, nikauacha ukauke, ndipo nikaweka chokaa juu yake. Ikashika. Sebule ikawa kubwa ghafla, hata sauti zetu humo zilibadilika. Mama mkwe aliingia, akazungusha macho, akasema, "Mwanga upo," akatoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuketi sebuleni.

Ikabaki sura ya mbele. Hapa mume wangu alikuwa na mawazo yake. Alitaka ukuta wa nje uwe mweupe pe, madirisha ya bluu, na mlango mkubwa wa nakshi upakwe mafuta ung'ae. "Mtu aione akiwa mbali," alisema.

"Ndiyo," mama mkwe akamjibu. "Aione akiwa mbali. Na wengine nao waione."

"Wengine nani, Mama?"

"Wewe unawajua."

"Hii si nyumba ya kupangisha. Hakuna atakayeigusa."

"Nani aliyekuhakikishia? Ukuta ukiwa mweupe, mtu anajiuliza ndani kuna nini. Uwe wa vumbi, anapita."

"Mama, nikiuza nyumba ya vumbi nitapata mnunuzi wa vumbi!"

Walibishana siku kadhaa, wakianza na kuacha, wakianza tena katikati ya mambo mengine. Mimi nilikuwa katikati na ndoo. Tena balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kupita, amenikuta nina chokaa mpaka kwenye nyusi. "Mnapendezesha, eh? Kuna harusi?" Nikamwambia mama mkwe anasumbuliwa na vumbi kifuani. Akacheka, akasema pole zimfikie, lakini alisimama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akichungulia uani.

Baada ya hapo niliamua mwenyewe. Nilichanganya chokaa na udongo wa barabarani uliochujwa, nikapaka ukuta wa nje rangi ambayo haikuwa na jina, si nyeupe wala si kahawia, ukuta safi usiovuta jicho la mtu. Madirisha niliyaosha tu. Mlango niliupaka mafuta, lakini baada ya usiku mmoja wa mvua mng'ao wake ulififia vya kutosha. Kutoka nje ilikuwa nyumba ya mtu yeyote. Ukiingia ndani ndipo unasema, ah. Mume wangu alinuna, kisha siku moja akasimama ng'ambo ya barabara akaitazama, akarudi akasema, "Haya. Inafaa."

Wiki ile ile, tena kwenye chakula, akamwambia mama yake, "Majina ya kuombea vibali vya Maskati nimekwisha kuyapeleka Dar es Salaam. Lako na langu."

Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nikaliweka chini.

"Na langu?" nikauliza.

"Wewe utafuata."

"Nitafuata lini?"

"Kule wanataka shahidi wa kabila, mtu wa kuthibitisha kwamba wewe ni wa ukoo wao. Mimi na Mama tuna watu wa kututolea ushahidi. Lako lina mlolongo. Nikifika nitalishughulikia, ni rahisi zaidi nikiwa kule."

Aliyasema vizuri, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuyapanga kichwani. Mama mkwe alikuwa akitoa miba ya samaki, hakuinua macho. Nikachukua vyombo nikavipeleka uani. Nilivisugua mpaka sufuria ikanionyesha uso wangu.

Siku zilizofuata nilishindwa kukaa. Nikiketi miguu inataka kuinuka, nikisimama sijui nilikuwa nakwenda wapi. Nilirudia kuta ambazo hazikuwa na haja ya kurudiwa. Nilipaka ndani ya mashubaka, nilipaka nyuma ya milango. Nilikuwa nawakorogea chokaa watu wengine waje walale, na mimi mwenyewe sikujua nitalala wapi. Nilifikiria kwenda kwa baba, lakini ningemwambia nini? Kwamba nimefukuzwa? Sikuwa nimefukuzwa. Nilikuwa nimeambiwa nitafuata.

Ghala nililipaka katika hali hiyo. Tulitoa kuni na magunia, nikalipaka jeupe juu mpaka chini, na mume wangu akatoboa dirisha dogo upande wa ua ili liitwe chumba. Lilipendeza. Lilikuwa chumba cha baridi kuliko vyote.

Akaja bwana mmoja wa serikali aliyehamishiwa Tabora, na mkewe. Bwana alipenda ua, akapenda unene wa kuta. Mkewe alikuwa mwanamke mchangamfu wa kutoka pwani. Alisifu sebule, akasema utadhani imejengwa juzi. Walipofika kwenye ghala akachungulia, akapapasa ukuta mpya wa dirisha, akamgeukia mama mkwe.

"Mama, samahani. Hiki kilikuwa chumba cha nini?"

"Ghala."

"La vitu?"

"La chumvi ya Uvinza. Na nguo. Na pembe, zamani."

"Maana dirisha hili ni jipya." Akapapasa tena kingo zake. "Halikufungiwa watu?"

Mumewe akamshika kiwiko. Mume wangu akaanza kueleza habari za bati, kwamba halivuji. Mama mkwe alisimama wima kabisa, ushungi wake mkononi. "Mimi niliolewa nikakuta chumvi," alisema. Wakamaliza kuzunguka nyumba, wakashukuru sana. Hatukuwaona tena.

Walipoondoka mama mkwe alikaa uani kwenye kigoda, mimi nafagia. Nilidhani amekasirika na swali. Mara akasema, "Sijui."

"Hujui nini, Mama?"

"Alichouliza. Sikuwahi kumwuliza marehemu. Wala mama yake. Nilikuta chumvi, basi." Akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu habari ya majina. "Babu yako wewe alikuwa mpagazi, siyo?"

"Baba yake babu. Alikuwa akienda mpaka Bagamoyo na kurudi."

"Labda mzigo wake aliushusha hapa."

"Labda."

"Na sasa wewe unapapaka." Aliinuka akaenda kuswali, nami nikabaki na ufagio, sijui kama nimepewa pole au nimeambiwa nini.

Mnunuzi aliyenunua alikuja asubuhi moja bila miadi. Alikuwa muuguzi wa hospitali ya Kitete, mwanamke wa makamo asiye na mume, amefuatana na mama yake mzazi aliyetoka kijijini. Mama yule alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nami nikamwitikia hivyo hivyo, kwani kwetu pia ndivyo tusalimiavyo. Akafurahi, akanishika mkono asiuachie. Mume wangu alikuwa dukani. Mama mkwe alikuwa chumbani. Ikabidi niwazungushe mimi.

Muuguzi hakusifu kitu. Aliweka kiganja kwenye kila ukuta. Aliuliza jua linaingia wapi asubuhi, maji ya mvua yanakwenda upande gani, jirani wa nyuma ana mbuzi au hana. Tulipofika jikoni akasimama. Jiko lilikuwa jeusi kama lilivyokuwa siku zote.

"Mbona huku hamkupaka?"

"Mama mkwe alikataa. Alisema maadamu bado anapika humo, jiko ni lake."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Tukarudi ukumbini. "Dada," akaniuliza, "ungekuwa wewe unabaki hapa, ungelala chumba gani?"

Lilikuwa swali la mnunuzi tu, la kutaka kujua chumba kipi kina joto na kipi kina baridi. Lakini mimi nilijikuta navuta uzi wa pindo la khanga yangu. Mama yake akanitazama, akamwambia bintiye jambo kwa Kisukuma, kwamba anyamaze, mtoto huyu ana jambo. Niliielewa kila silabi. Nikajibu harakaharaka, "Kile cha mwisho. Kina upepo," nikaenda kuwaletea maji.

Nilipogeuka na bilauri, mama mkwe alikuwa mlangoni mwa chumba chake. Alikuwa amesikia.

Muuguzi alirudi jioni mume wangu akiwepo, wakazungumza bei wakakubaliana. Mume wangu alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwake; alipiga kelele ovyo, aliniita jina langu la utotoni, alisema safari hii hata mvua za masika hazitatukuta Tabora. Akapanga siku ya kwenda barazani kuandikiana. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe kwa urithi na kwa maandishi, kwa hiyo yeye ndiye wa kutia dole gumba.

Siku hiyo tulikwenda sote. Karani wa baraza alisoma makubaliano kwa sauti, akasukuma kidau cha wino. Muuguzi na mama yake walikuwa wamekaa benchi la upande wa pili. Mama mkwe aliutazama wino. Mkono hakuutoa ndani ya baibui.

"Mama," mume wangu akasema, "dole."

"Jina la mkeo limepelekwa?"

Akacheka kidogo, kwa aibu mbele ya watu. "Mama, hilo tulikwisha kulizungumza. Atafuata."

"Nakuuliza limepelekwa?"

"Bado."

"Basi na dole bado."

Karani akainua kichwa. Mume wangu akainama karibu na sikio la mama yake, lakini chumba kilikuwa kidogo, tulisikia wote. "Mama, unanivunjia mambo. Watu wanasubiri. Ukoo hautamtolea ushahidi, unajua hilo."

"Mimi ni nani katika ukoo?"

"Mama..."

"Nitamtolea mimi. Ni mke wa mwanangu, amekula kwangu, amelala kwangu, nyumba hii ameipaka yeye peke yake mpaka kucha zimebabuka. Ukimwacha, umeniacha na mimi. Nitabaki naye. Huyu bibi muuguzi atatupangisha kile chumba chenye upepo." Akamgeukia muuguzi. "Utatupangisha?"

Muuguzi alikuwa hajui acheke au aondoke. "Nitawapangisha, Mama," alisema.

Mimi nilikuwa nimeangalia sakafu. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeamini kwamba mwanamke yule hanioni, au ananiona kama brashi iliyofuta kijani chake. Mume wangu alitoka nje. Tulimsikia akitembea kwenye kokoto, huku na huku, huku na huku. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea. "Nitalipeleka," alisema. "Nitalipeleka mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Lipeleke. Ukirudi, dole liko hapa."

Akapanda treni akaenda Dar es Salaam, muuguzi akasubiri kwa uvumilivu ambao sijui kama watu wengine wangekuwa nao. Aliporudi alisema jina limeandikwa, na mama mkwe akamtazama machoni kwa muda, akaridhika, tukaenda tena barazani. Akatia dole.

Mambo hayakwenda upesi kama mume wangu alivyodhani. Kibali chake kilitoka kwanza, akatangulia. Sisi wawili tulihamia Isevya, chumba cha kupanga si mbali na kwa baba, tukasubiri. Nilifanya kazi na baba wakati huo, waziwazi, ngazi begani, na hakuna aliyesema kitu ambacho sikuweza kukivumilia. Mama mkwe alizoea kuja kukaa kivulini mahali tunapopaka, akitoa maoni. Yeye na baba walikuwa wakibishana habari za rangi kana kwamba nyumba zote za Isevya ni zao.

Hata hivyo sikutulia. Kila treni ilipopiga honi nilihesabu kama ni ya kwenda au ya kuja. Habari kutoka Maskati zilitufikia kupitia watu, mara nzuri, mara hakuna. Kuna wakati nilitaka vibali visije kabisa, nibaki na ndoo yangu, na kuna wakati nilimtamani mume wangu mpaka nikachukia kila mtu aliyekuwa karibu. Vibali vyetu vilipotoka, mama mkwe aliniuliza kama bado nataka kwenda. Aliuliza kwa dhati. Nilifikiri nitakuwa na jibu la haraka. Nilizunguka siku mbili tatu nikiwa sijui, halafu nikamwambia nataka, na mpaka leo sijui kama nilisema hivyo kwa ajili ya mume au kwa ajili yake yeye asisafiri peke yake.

Tulikwenda. Mume wangu alitupokea amenenepa, ana aibu kidogo, ana mengi ya kueleza. Niliishi naye huko miaka mingi, nikazaa, na haikuwa ndoa mbaya. Kazi ya rangi sikuifanya tena. Huko ilikuwa ya wanaume wa kuajiriwa. Mama mkwe alizikwa huko, na siku za mwisho wake alikuwa akiniita mimi kabla ya mwanawe.

Baada ya mume wangu naye kufariki, watoto wakiwa wakubwa, nilirudi Tabora. Nilikuwa na hofu njia nzima kwamba nitachelewa. Lakini baba nilimkuta hai, mzee sana, haoni vizuri, amekaa kibarazani na kikombe cha chai. Nikamwamkia. Akaitambua sauti, akanisogezea kigoda kwa mguu, akaniuliza kama safari ilikuwa ndefu. Nikamwambia ilikuwa ndefu, nikaketi.